Wadudu kwenye mboga za magunia: Kwa nini chupa ya dawa isiwe jibu la kwanza

Kila kiangazi kinapokaza, swali moja hurudi kwenye simu ya studio kuliko mengine: "Nipulize dawa gani?" Anayeuliza ana magunia mawili au matatu ya sukuma wiki nyuma ya jiko. Majani yamejikunja, chini yake vidudu vya kijani au vyeusi vimejazana, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wana kazi maalumu. Msikilizaji anataka tumtajie jina la dawa, ikiwezekana kabla kipindi hakijaisha.

Tumekuwa tukilijibu swali hilo kwa haraka kuliko linavyostahili. Katika makala hii tunalirudia taratibu, kwa sababu jibu lake linagusa chakula cha watoto, biashara ya dawa za kilimo mpakani mwetu, na wajibu wa serikali ambao huwa hatuuzungumzii hadi mtu apelekwe zahanati.

Mboga zimehamia mlangoni

Kata ya Kemambo, wilayani Tarime, ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Katika eneo hilo ardhi ileile inagawanywa kati ya makazi, malisho, mashamba ya mahindi na mihogo, na uchimbaji. Familia yenye kiwanja kidogo haina pa kuweka tuta la mboga. Gunia ni jibu lake.

Salfeti ya mahindi ikijazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, ikawekewa mawe katikati ili maji yashuke hadi chini, kisha ikatobolewa ubavuni, hubeba zaidi ya miche 20 kwenye nafasi isiyozidi ya kiti. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanatosha kumwagilia. Wengine hutumia ndoo zilizopasuka, makarai mabovu au matairi.

Njia hii si ngeni Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, kilimo cha magunia kilipata nguvu mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, pale chakula kilipokuwa kigumu kupatikana. Shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia wakazi kukianzisha. Watu wasio na shamba walivuna mboga mlangoni.

Lakini mboga ikihamia mlangoni, wadudu nao huifuata. Na dawa tuliyoizoea shambani nayo huletwa mlangoni, mahali ambapo watoto wanacheza, kuku wanadonoa na jiko linawaka.

Wanaokula mboga yako ni nani?

Kabla ya kutafuta dawa, geuza jani. Wengi wa wahusika hujificha upande wa chini.

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, hufyonza maji ya mmea na kuyafanya majani yajikunje. Hutoa utomvu mtamu unaonata, na sisimizi huufuata. Ndiyo maana ukiona sisimizi wengi kwenye gunia, jua kuna vidukari. Sisimizi huwalinda wasiliwe na wadudu wengine, kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake wa maziwa. Vidukari jike huweza kuzaa bila dume, na mtoto huwa mama ndani ya wiki moja hivi. Hapo utaelewa kwa nini gunia lililokuwa safi Jumapili linaweza kuwa jeusi Jumapili inayofuata.

Nondo mgongo wa almasi ni kipepeo mdogo wa kijivu anayetaga mayai kwenye sukuma wiki na kabichi. Viwavi wake ni wadogo, rangi ya kijani, na ukiwagusa hujinyonganyonga na kuning'inia kwenye uzi. Huacha jani limejaa vitundu na vidirisha.

Utitiri mwekundu ni mdogo kiasi kwamba macho yanaweza kumpita. Utamjua kwa vidoa vya njano juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Hupenda joto na vumbi, na ni shida ya nyanya, biringanya na mnafu wakati wa kiangazi. Utitiri si mdudu wa kawaida. Yuko karibu zaidi na buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimuui, lakini zinaua wale wanaomla. Ndiyo sababu mtu hupuliza dawa, kisha wiki mbili baadaye analalamika kuwa hali imekuwa mbaya zaidi.

Nzi weupe hupaa kama vumbi ukitikisa mmea, na wanaeneza virusi vinavyokunja majani ya nyanya. Sota hukata mche usiku kwenye shina. Asubuhi ukifukua udongo kidogo kando ya mche utamkuta amejikunja. Na kwenye nyanya yupo kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye hujichimbia ndani ya jani na tunda ambako dawa haimfikii kirahisi.

Tusisahau kuku na mbuzi. Kwa magunia mengi, hao ndio wadudu namba moja, na dawa yao ni uzio wa miti au wavu tu.

Hesabu ya kifuniko cha soda

Sasa turudi kwenye swali la dawa gani. Tatizo la kwanza la dawa ya shambani kwenye gunia ni kipimo chake.

Dawa nyingi za maji zimeandikiwa kipimo cha bomba la lita 20. Tuseme lebo inasema mililita 20 kwa bomba, yaani mililita 1 kwa kila lita ya maji. Gunia moja halihitaji lita 20. Nusu lita inalitosha, na kwa nusu lita unatakiwa kuweka nusu mililita ya dawa. Nani ana kifaa cha kupima nusu mililita nyumbani? Watu wanatumia kifuniko cha soda, ambacho hubeba takriban mililita 5. Kifuniko kimoja kwenye nusu lita ni mara kumi ya kipimo.

Tatizo la pili ni siku za kusubiri. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kwa mboga huwa na idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kupuliza na kuvuna. Mkulima wa shamba anaweza kupanga mavuno yake. Gunia ni tofauti: unachuma majani mawili leo, matatu keshokutwa. Kama lebo inasema siku 14, na wewe unachuma kila baada ya siku tatu, familia yako imekula mboga hiyo mara nne kabla muda haujaisha: siku ya 3, ya 6, ya 9 na ya 12.

Wapo wanaosema wataosha vizuri. Kuosha kunapunguza dawa iliyo juu ya jani. Lakini kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea na kusafiri na maji yake hadi kwenye majani machanga. Hizo haziondoki kwa kuosha, na hupaswi kutegemea kuwa moto wa jiko utazimaliza.

Tatizo la tatu ni aina ya dawa. Mkoa wetu unalima pamba upande wa Bunda na Serengeti, na tunafuga ng'ombe. Kwa hiyo nyumba nyingi zina dawa ya pamba au dawa ya kuogeshea mifugo iliyobaki kwenye chupa. Kishawishi cha kuipuliza kwenye mboga ni kikubwa kwa sababu ipo na imeshalipiwa. Lakini dawa ya kupe imepimwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe. Hakuna aliyepima inakaa siku ngapi kwenye jani la sukuma wiki, na lebo yake haitakuambia.

Tatizo la nne ni wadudu wenyewe. Nondo mgongo wa almasi ana historia ndefu ya kuzizoea sumu. Mwaka 1953, huko Java nchini Indonesia, iliripotiwa kuwa viwavi wake hawafi tena kwa DDT, na tangu hapo ameendelea kuzizoea dawa nyingi katika sehemu mbalimbali za dunia. Ukiongeza kifuniko cha pili pale kifuniko cha kwanza kiliposhindwa, wadudu waliopona ndio watakaozaa, na unayezidishiwa sumu ni wewe.

Udogo wa gunia ndio nguvu yako

Mwenye ekari mbili za kabichi hawezi kugeuza kila jani. Mwenye magunia matatu anaweza, na humchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kinachofanya dawa isifae kwenye gunia, yaani udogo wake, ndicho kinachofanya mikono ifae.

Kagua mara mbili kwa wiki. Ponda vidukari wa kwanza kwa vidole. Okota viwavi na mayai uwape kuku. Majani ya chini yaliyozeeka na yaliyojaa wadudu, yachume na uyaondoe kabisa. Usiyaache chini ya gunia.

Tumia maji. Vidukari wakipigwa na maji yenye kasi kidogo huanguka, na wengi hawarudi. Ndiyo sababu hupungua mvua kubwa zikianza. Kwa utitiri, kulowesha upande wa chini wa majani asubuhi humharibia makazi, kwa kuwa anapenda ukavu.

Tumia sabuni. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji isiyo kali, au sabuni ya mche iliyokwanguliwa na kuyeyushwa, kwa lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani mawili na usubiri siku moja. Yasipoungua, pulizia gunia lote. Sabuni huua wadudu inaowagusa tu, kwa hiyo lenga chini ya majani, na urudie baada ya siku nne au tano. Fanya asubuhi mapema au jioni, kamwe si jua likiwa kali. Epuka sabuni ya unga ya kufulia kwa sababu huunguza majani. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika.

Zuia sisimizi. Weka gunia juu ya matofali na uzungushe majivu makavu chini yake. Sisimizi wakikosa njia, vidukari hupoteza walinzi wao. Hapo utaanza kumwona kimdudu mviringo mwenye gamba jekundu na madoa meusi. Usimuue. Yeye na watoto wake wanakula vidukari.

Tega kwa rangi ya njano. Nzi weupe na vidukari wenye mabawa huvutwa na njano. Kata kipande cha dumu la njano la mafuta ya kula, kipake grisi au mafuta mazito, na ukitundike karibu na mimea. Wanatua na kunasa.

Funika kwa wavu. Kitambaa chepesi cha neti kilichofungwa juu ya miti mitatu humzuia nondo asitage mayai. Hakiwazuii vidukari wote, kwa sababu ni wadogo, hivyo endelea kukagua. Na tuseme wazi: chandarua cha kulalia kibaki kitandani. Mkoa wa Mara una malaria, na hakuna sukuma wiki inayofaa kubadilishwa na usingizi salama wa mtoto.

Lisha udongo kwa kiasi. Samadi mbichi na mbolea nyingi ya chumvichumvi hufanya majani kuwa laini na mabichi kupita kiasi, na vidukari huyapenda. Gunia lisilotoa maji nalo huozesha mizizi, na mmea dhaifu hushambuliwa haraka. Nyanya zikidumaa na mizizi ikiwa na vinundu, hiyo ni minyoo fundo; udongo huo usiutumie tena kwa nyanya. Hapo gunia lina faida nyingine: shamba huwezi kulibadilisha udongo, gunia unaweza.

Mwarobaini nao unasaidia. Mbegu zake kavu zikitwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikalala usiku mzima kisha zikachujwa, hupunguza ulaji wa viwavi. Lakini neno "asili" lisitupumbaze. Maji ya tumbaku ni sumu kwa binadamu, hupenya hata kwenye ngozi, na tumbaku inaweza kubeba ugonjwa wa virusi hadi kwenye nyanya. Utupa, ambao wazee waliutumia kuvulia samaki, nao ni sumu. Kutoka msituni hakuifanyi sumu kuwa salama.

Chupa isiyo na jina inatoka wapi?

Haya yote ni kazi ya mwenye gunia. Lakini kuna kazi ambayo si yake.

Tanzania ina sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, ambayo ilirithi kazi ya usajili na udhibiti iliyokuwa ikifanywa na taasisi ya TPRI. Kiuatilifu kinatakiwa kusajiliwa kabla ya kuuzwa, na muuzaji anatakiwa kuwa na kibali.

Kwenye gulio, hali inaweza kuwa nyingine. Dawa humiminwa kutoka chupa kubwa kwenda chupa ndogo za maji ya kunywa au za soda, ili mnunuzi wa shilingi elfu moja apate chake. Mnunuzi huyo hafanyi ujinga. Ana gunia moja na hahitaji lita nzima. Lakini chupa anayopewa haina jina, haina kipimo, haina siku za kusubiri, na mtoto mwenye kiu anaweza kuiona kama soda.

Kuna na suala la mpaka. Tarime iko jirani na Kenya kupitia Sirari, na bidhaa huvuka kila siku, nyingine kwa pikipiki nje ya njia rasmi. Mwezi Juni 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa sokoni makumi ya viuatilifu na kuwekea vingine masharti. Mwezi mmoja kabla, mataifa yaliyo kwenye Mkataba wa Stockholm, Tanzania ikiwemo, yalikubaliana mjini Geneva kuiingiza klopirifosi, dawa iliyotumika kwa miaka mingi kwenye mazao, katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, pamoja na misamaha kwa matumizi machache. Miongoni mwa sababu ni madhara yake kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Bidhaa ikikataliwa upande mmoja wa mpaka, mwenye shehena hutafuta pa kuiuzia. Hiyo ni kawaida ya biashara yoyote. Swali kwa mamlaka zetu ni je, ukaguzi wa Sirari, Tarime mjini na magulio ya Nyamongo umejiandaa kwa hilo? Na kama umejiandaa, mwananchi atajuaje chupa ipi imepigwa marufuku, wakati matangazo hayo hutolewa kwa majina ya kemikali ambayo hayafanani na majina ya dukani?

Kuna pia suala la mtaalamu. Aprili 2022 serikali ilizindua ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani ili wawafikie wakulima. Ni hatua nzuri. Lakini mwenye magunia matatu mara nyingi hajioni kama mkulima, na huenda afisa ugani naye hamwoni hivyo, kwa kuwa ziara hupangwa kwa mashamba ya mahindi, kahawa na pamba. Wengi wanaotunza magunia ni akina mama. Wasipofikiwa na mtaalamu, mshauri wao anabaki kuwa muuza dawa, ambaye riziki yake inatokana na kuuza dawa.

Ukilazimika kununua

Ikiwa wadudu wamekuzidi na umeamua kununua, fanya haya. Mpelekee muuzaji jani lenye mdudu. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Angalia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ni yenye hatari ndogo zaidi. Kwa gunia lililo mlangoni, nyekundu na njano zirudishe. Uliza siku za kusubiri, na kama huwezi kukaa siku hizo bila kuchuma, usipulize. Ungana na majirani wanne au watano mnunue chupa moja na mpimiane kwa bomba la sindano lisilo na sindano, litakalotumika kwa kazi hiyo tu.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji hayo yamimine kwenye bomba la dawa, kisha itoboe. Isirudi kubeba maziwa wala mafuta.

Mtu akipata sumu, dalili zinaweza kuwa mate mengi, jasho, kutetemeka, kuona ukungu na kupumua kwa shida. Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa au lebo. Usimpe maziwa na usimlazimishe kutapika. Maziwa hayaiondoi sumu, na kutapika kunaweza kuipeleka kwenye mapafu.

Tunachouliza

Kwa diwani na maafisa wa halmashauri, tunadhani maswali haya yanafaa kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji ujao: Muuza dawa yupi katika kata yetu ana kibali? Lini mara ya mwisho gulio lilikaguliwa? Afisa ugani atakutana lini na wenye magunia, wala si wenye mashamba peke yao? Hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji karatasi ukutani kwenye ofisi ya kijiji na mchana mmoja wa kazi.

Na kwa msikilizaji wetu aliyeuliza apulize dawa gani: kesho asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, geuza majani kumi ya gunia lako. Hesabu unachokiona. Kisha piga simu kipindini utuambie ni nani umemkuta. Tutaanzia hapo.